Siku Njema Ndizo Zilizonilaza

Jumamosi moja, baada ya majuma matatu ambayo mgongo wangu ulikuwa umetulia kiasi cha kunisahaulisha kwamba ninao, niliamua kuhamisha kabati la vitabu kutoka ukuta mmoja wa chumba hadi mwingine. Nilivitoa vitabu vyote, nikavipanga sakafuni kwa mafungu, nikalisukuma kabati kwa bega hadi katikati ya chumba, na kwa kuwa sikusikia chochote zaidi ya uchovu wa kawaida, nikafagia mahali lilipokuwa limesimama, nikapiga deki, nikafua mapazia, na alasiri nikatoka na mwanangu kucheza mpira. Usiku nililala kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa mali yake iliyoibwa. Asubuhi ya Jumapili sikuweza kugeuka kitandani. Kabati lilikaa katikati ya chumba kwa siku 11, kila aliyeingia akilazimika kupita upandeupande, na mimi nikilitazama kupitia mlango uliokuwa wazi kama mshtakiwa anayeonyeshwa kidhibiti mahakamani.

Huu ni mwaka wa 8 tangu nianze kuishi na maumivu ya mgongo, na katika muda huo nimesikia na kusoma mengi kuhusu namna ya kuvumilia siku mbaya. Siku mbaya, kwa kweli, hazinihitaji nijue mengi: zinajitangaza zenyewe, na mwili unanilazimisha kutii. Jambo ambalo hakuna aliyenionya, na ambalo lilinichukua miaka kulitambua, ni kwamba siku zilizonilaza kitandani mara nyingi zilikuwa ni zile ambazo niliamka mzima.

Maumivu yalianza kwa jambo dogo ambalo hata kulieleza ninaona haya. Sikubeba gunia wala sikuanguka kutoka juu ya ngazi. Niliinama kuokota kalamu iliyokuwa imedondoka chini ya meza, na nilipokuwa ninainuka kitu fulani upande wa kushoto wa kiuno kikakaza ghafla, nikabaki nimeshikilia ukingo wa meza, nusu nimesimama na nusu nimeinama, nisijue niende upande gani. Daktari aliniambia, na alisema kweli, kwamba maumivu ya namna hiyo kwa watu wengi hupungua sana ndani ya majuma machache. Yangu yalipungua, yakarudi, yakapungua tena, na yalipovuka miezi 3, ambao ndio mpaka ambao wataalamu huutumia kutenganisha maumivu ya muda na maumivu sugu, nikaingia katika kundi ambalo sikuwa nimejiandaa kuingia. Sikujua wakati huo kwamba kundi lenyewe ni kubwa kiasi gani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba hakuna tatizo jingine linalowazuia watu wengi zaidi duniani kufanya shughuli zao.

Watu huniuliza yanaumaje, na mimi hujibu kwamba si maumivu ya aina moja. Kuna lile zito, la kudumu, linalokaa juu kidogo ya mfupa wa nyonga kama mkono wa mtu anayeniegemea bila kuniomba. Kuna ukakamavu wa asubuhi, ambao si maumivu hasa bali ni hali ya kuwa na mgongo wa mbao. Halafu kuna la tatu, ambalo haliji kila siku, linaloshuka kutoka tako la kushoto kupitia nyuma ya paja hadi kwenye shavu la mguu, likichoma kama waya wa umeme uliochunika. Hilo ni la neva, na likija hata kukohoa ninakohoa kwa tahadhari.

Hospitalini huniambia niyapime kwa namba, kuanzia 0 hadi 10. Sijawahi kuiweza hesabu hiyo, kwa sababu 6 ya leo si 6 ya mwaka jana. Kipimo changu ni soksi ya mguu wa kushoto. Kila asubuhi ninajiviringisha kwa ubavu, ninaishusha miguu ukingoni mwa kitanda, ninajisukuma kwa mkono hadi niketi, kisha ninasubiri kidogo kabla ya kuishika soksi. Nikiweza kuupandisha mguu wa kushoto juu ya goti la kulia na kuivaa kama watu wengine wanavyovaa, hiyo ni siku njema. Nisipoweza, ninaiweka sakafuni, ninaitanua mdomo kwa kidole gumba cha mguu wa kulia, na kuichokoa taratibu hadi iingie nusu, kisha ninaimalizia nikiwa nimesimama na mguu juu ya kiti. Hiyo ni siku ya kati. Na kuna siku ambazo ninamwita mke wangu. Nyumbani tumekwisha kuzoea lugha hiyo kiasi kwamba mwanangu akinikuta sebuleni asubuhi haniulizi kama ninaumwa, bali huniuliza, "Baba, leo soksi ya ngapi?" na jibu la neno moja linamtosha kujua kama jioni kutakuwa na mpira au hakutakuwa.

Katika mwaka wa pili nilipigwa picha ya MRI, ile inayotumia sumaku kuonyesha ndani ya mwili. Taarifa iliyofuatana nayo ilisema kwamba diski iliyo kati ya pingili ya 4 na ya 5 za kiuno imechomoza, na kwamba nyingine mbili zimepungukiwa na maji. Ndugu na marafiki walitafsiri maneno hayo kila mmoja kwa namna yake: mmoja alisema pingili zimesagika, mwingine akasema mgongo umelika, na mwingine, ambaye hakuwa na nia mbaya, akasema anamfahamu mtu aliyeishia kwenye kiti cha magurudumu. Niliikunja taarifa ile na kuibeba katika mkoba wangu kwa zaidi ya mwaka mzima kama hukumu isiyokuwa na rufaa. Kila nilipoinama niliiona ile diski machoni pangu ikizidi kutokeza, tone kwa tone, kama dawa ya meno inayokamuliwa.

Laiti mtu angenieleza siku ileile mambo mawili. La kwanza ni kwamba diski si sahani inayoteleza kutoka mahali pake. Ni pete ngumu ya nyuzinyuzi, iliyoshikamana imara na pingili za juu na chini yake, ikizunguka kiini laini chenye maji mengi. Maji hayo hupungua mchana tunapokuwa wima na hurudi usiku tunapolala, na ndiyo sababu mtu huwa mfupi jioni kuliko alivyoamka kwa kiasi cha sentimita moja hivi. (Asubuhi diski zimejaa na kukaza, kwa hiyo katika saa ya kwanza baada ya kuamka sipendi kuinama kwa nguvu. Soksi inatosha.) La pili ni kwamba diski zilizochomoza zimejaa miongoni mwa watu wasioumwa chochote. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwapiga picha za MRI watu 98 ambao hawakuwa na maumivu ya mgongo: zaidi ya nusu walikuwa na angalau diski moja iliyotokeza, na ni asilimia 36 tu waliokuwa na diski zisizo na dosari yoyote. Mwaka 2015 tafiti nyingi za aina hiyo zilijumlishwa pamoja, na ikaonekana kwamba hata kwa watu wa miaka 20 wasio na maumivu, asilimia 37 walikuwa tayari na dalili za diski kuchakaa. Kwa wenye miaka 80, ilikuwa asilimia 96. Kuchakaa kwa diski, kumbe, kunafanana zaidi na mvi kuliko na jeraha. Hii haina maana kwamba diski haiwezi kuibana neva na kuleta shida ya kweli, kwani huweza, na pengine yangu iliwahi kufanya hivyo. Maana yake ni kwamba picha peke yake haimwambii mtu anaumwa kiasi gani wala ataishije.

Kuna wakati picha inahitajika, tena haraka, na hapa sitaki kueleweka vibaya. Mtu anayeumwa mgongo akaanza kushindwa kuuzuia au kuutoa mkojo, au kuidhibiti haja kubwa, au akapata ganzi sehemu za siri na ndani ya mapaja, au akaona mguu unazidi kukosa nguvu, asiendelee kusoma habari zangu. Aende hospitali saa hiyohiyo. Vilevile mwenye homa isiyoeleweka, aliyekonda bila sababu, aliyewahi kuugua saratani, au ambaye maumivu yake yalianza baada ya ajali au kuanguka vibaya, hana budi kuchunguzwa mapema. Walio wengi hawamo katika orodha hiyo. Wataalamu husema kwamba takriban watu 9 katika kila 10 wenye maumivu ya kiuno hawaonekani kuwa na ugonjwa mmoja au kasoro moja mahususi inayoweza kunyooshewa kidole kuwa ndiyo chanzo.

Mimi, kwa kuwa nilikuwa na taarifa yangu mkobani, niliishi kama mtu aliyebeba yai mgongoni. Nililala sana. Niliweka ubao chini ya godoro kwa sababu niliambiwa kwamba mgongo unapenda kitu kigumu, na nilijifunga mkanda mpana wa kiunoni kuanzia asubuhi hadi usiku, nikauvua kwa kusitasita hata wakati wa kuoga. Niliacha kubeba, niliacha kuchutama, niliacha kuketi kwenye viti vya chini, niliacha kumnyanyua mwanangu, ambaye kwa wakati huo alikuwa bado wa kunyanyuliwa, na hilo ndilo ninalolijutia zaidi kwa kuwa halina marudio. Kila nilichokiacha kilinipa nafuu ya siku mbili tatu, kisha maumivu yakarudi na kukuta mwili dhaifu zaidi ya ule yaliouacha.

Baadaye nilipoanza kusoma, niligundua kwamba takriban kila nilichokifanya kilikuwa kimekwisha kupimwa na kuonekana hakifai. Kuhusu kulala, kuna utafiti wa mwaka 1995 uliofanywa kwa wafanyakazi 186 wa jiji la Helsinki waliokuwa wamepatwa na maumivu mapya ya kiuno: baadhi waliambiwa walale kitandani kwa siku 2, baadhi wakapewa mazoezi maalumu ya mgongo, na waliobaki wakaambiwa waendelee na shughuli zao za kawaida kadiri maumivu yatakavyowaruhusu. Waliopona upesi zaidi ni hao wa mwisho. Kuhusu godoro, mwaka 2003 watafiti wa Hispania waliwagawia watu 313 wenye maumivu sugu magodoro ya aina mbili bila wao kujua ni lipi, na baada ya siku 90 waliolalia godoro la ugumu wa wastani walikuwa na hali nzuri kuliko waliolalia gumu; ubao wangu niliutoa siku ileile niliyosoma habari hiyo. Na kuhusu mkanda, mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwezi Desemba 2023 kwa ajili ya maumivu sugu ya kiuno unashauri mikanda ya aina hiyo isitumike kama tiba ya kawaida, pamoja na vifaa vya kuuvuta mgongo, na badala yake unatanguliza mazoezi, elimu, tiba za kisaikolojia, na kwa baadhi ya watu kukandwa na kunyooshwa na mtu mwenye ujuzi.

Neno "kisaikolojia" liliniudhi nilipoambiwa mara ya kwanza. Lilinijia kama tuhuma, kana kwamba mtu aliyeketi nyuma ya meza ameamua kwamba mgongo wangu umo kichwani. Ninaelewa kwa nini wengi huinuka na kuondoka wanapofika hapo, na nusura niwe mmoja wao. Lakini jambo lenyewe, likielezwa vizuri, halimwiti mtu mwongo hata kidogo. Maumivu hayapandi moja kwa moja kutoka kwenye jeraha hadi kwenye ubongo kama maji katika bomba. Mwaka 1965 watafiti wawili wa maumivu, Ronald Melzack na Patrick Wall, walipendekeza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu mfano wa lango, ambalo huweza kufunguka zaidi au kujifunga kidogo, likipokea ujumbe kutoka pande zote mbili, kutoka mwilini na kutoka kwenye ubongo. Undani wa nadharia hiyo umerekebishwa tangu wakati huo, ila wazo kwamba maumivu huongezwa na kupunguzwa njiani limebaki. Maumivu yakidumu kwa miezi na miaka, mfumo wenyewe wa neva hubadilika na kuwa mwepesi wa kushtuka.

Mimi hulielewa hilo kwa kumfikiria mbwa wa ulinzi. Usiku mmoja wezi waliingia kweli, na mbwa akabweka, na alifanya kazi yake. Tangu siku hiyo hubwekea jani, hubwekea paka, humbwekea hata mwenye nyumba anaporudi. Kubweka ni kwa kweli, tena kunasikika mtaa mzima. Anayekosekana ni mwizi. Kumpiga mbwa huyo hakumtulizi, na kumfungia ndani asione mtu yeyote humfanya awe mkali zaidi. Hana budi kuzoeshwa tena, kidogo kidogo, kwamba paka ni paka. Na kukosa usingizi, wasiwasi wa kazi, huzuni na hasira, yote hayo humfanya abweke zaidi, jambo ambalo yeyote mwenye mgongo kama wangu ameliona hata kabla ya kuelezwa na mtu.

Siku zile 11 za kabati ndizo zilizonipeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, ambaye bado ninamwendea mara moja moja hadi leo. Ni mama wa makamo, mwenye sauti ya chini, na jambo la kwanza alilofanya ni kukataa kuitazama taarifa ya MRI kabla hajanitazama ninavyotembea. La pili ni kunipa daftari. Kwa majuma 6 niliandika kila jioni nilichokifanya siku hiyo na namna nilivyojisikia, nikitumia kipimo changu cha soksi, ambacho alikipenda. Niliporudi alilifungua daftari mezani, akachukua kalamu nyekundu na kuzizungushia mviringo siku tano, bila kusema kitu.

"Mama," nilimwambia, "hizo ndizo siku nilizokuwa mzima."

"Ndizo hizo zinazokulaza, baba," akajibu, kisha akaisogeza kalamu siku moja au mbili mbele ya kila mviringo, na kila mahali aliposimamisha kalamu palikuwa pameandikwa soksi ya tatu.

Nililitazama daftari lile kwa muda mrefu. Kila siku njema nilikuwa nimeitumia kulipa madeni yote ya siku mbaya zilizotangulia: usafi, barua, safari, matengenezo, mpira. Nilikuwa nikikimbia kabla mlango haujafungwa. Kisha mlango ulifungwa, nikalala siku kadhaa, nguvu zikapungua, kazi zikalundikana, na siku njema iliyofuata ikanikuta na madeni makubwa zaidi na mwili mdogo zaidi wa kuyalipa. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimeamini kwamba kosa langu ni kufanya mambo mengi kupita kiasi, na kila aliyenipenda aliniambia hivyo. Wakati uleule nilikuwa nikifanya machache mno. Nilikuwa nikifanya yote mawili kwa zamu.

Tiba aliyonipa ilikuwa rahisi kuisema na ngumu kuitii. Tulitafuta kiasi cha kutembea ambacho ningekimudu hata katika siku mbaya bila kukilipia kesho yake, tukakipunguza kidogo, na hicho kikawa ndicho kiasi cha kila siku, soksi iwe ya kwanza au ya tatu. Kiasi chenyewe kilikuwa dakika 6. Ninaomba msomaji apige picha ya mtu mzima, aliyewahi kucheza mpira kwa dakika 90, akitoka nyumbani kwa mwendo wa hadhari, akitembea dakika 3 kwenda na 3 kurudi, kisha anaingia ndani na kuvua viatu. Siku mbaya dakika hizo zilikuwa mlima, ingawa sikuwahi kuzishindwa, na hilo peke yake lilinifundisha kwamba siku mbaya haikuwa na maana ya kulala. Siku njema zilikuwa mtihani mkubwa zaidi. Kusimama penye dakika ya 6 huku mwili wote unasema twende, na kugeuza, kulinitaka nidhamu ambayo sijawahi kuhitaji kwa jambo lolote la kishujaa. Kila juma, kama daftari liliruhusu, tuliongeza dakika 1 au 2. Ilinichukua zaidi ya miezi 4 kufika dakika 30, na safari mbili ilibidi turudi nyuma.

Pamoja na kutembea kulikuwa na mazoezi machache, mepesi, ya kuinua makalio nikiwa chali, ya kuinama kwa nyonga badala ya kuukunja mgongo wote, na baadaye, kwa woga mwingi, ya kunyanyua vitu kutoka sakafuni, tukianza na ndoo tupu. Sidhani kwamba mazoezi hayo yana siri yoyote. Hakuna ushahidi kwamba aina moja ya mazoezi inaishinda nyingine zote, na wanaouza moja kwa majigambo ninawatilia shaka. Kutembea kumenipendeza kwa sababu hakuhitaji kifaa. Nilifurahi kusoma kwamba mwaka 2024 watafiti wa Australia walitangaza matokeo ya utafiti uliohusisha watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya kiuno: waliofuata mpango wa kutembea na kupewa maelekezo walikaa kwa wastani wa siku 208 kabla ya kuumwa tena, na wale ambao hawakupewa mpango huo siku 112. Hao walikuwa wamepona, tofauti na mimi, lakini nililichukua kama salamu.

Kuhusu dawa sina mengi. Vidonge vya kupunguza uvimbe na maumivu, kama ibuprofeni, hunisaidia katika siku za waya wa umeme, na ninavitumia kwa muda mfupi na kwa ushauri, kwa kuwa vikitumiwa kwa mazoea huweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Dawa kali za jamii ya afyuni niliwahi kupewa zamani. Zilinilaza bila kunitibu, na mwongozo wa 2023 hauzishauri kwa maumivu haya kwa sababu ya hatari ya uraibu na ya kuzidisha dozi. Maji ya moto kiunoni na kukandwa hunipa raha ya jioni moja, na sioni haya kuifurahia jioni hiyo.

Sehemu iliyobaki ngumu ni ya watu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mgongo hauvimbi wala hauvuji damu wala haufungwi bendeji ili mtu mwingine auone. Hapo nako siku njema hunisaliti. Mfanyakazi mwenzangu aliyeniona Jumamosi nikikimbiza mpira alinikosa kazini Jumatatu, na niliporudi, mkubwa wetu wa wakati huo aliniuliza mbele ya wenzangu, kwa tabasamu, ilikuwaje mgonjwa awe mchezaji. Sikuwa na jibu. Ningemwambia nini, kwamba niliugua kwa sababu nilicheza, na nilicheza kwa sababu sikuwa mgonjwa? Kila neno lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalisikika kama uongo. Kwa miezi kadhaa baada ya hapo nilijikuta nikichechemea kidogo zaidi ya nilivyohitaji kila nilipopita karibu na ofisi yake, ili nionekane ninaumwa sawasawa na ninavyoumwa, na ninaandika jambo hili kwa kuwa ninaamini siko peke yangu niliyewahi kuchechemea hivyo. Kuchechemea kwa kuigiza, nikuambie, kunaumiza mgongo.

Dakika zangu za kila siku zimepunguza tatizo hilo kwa namna ambayo sikuitarajia. Kwa kuwa siku zangu njema hazitofautiani tena sana na siku zangu mbaya, watu wameacha kuona watu wawili. Sasa ninaweza kusema mapema, kwa sauti ya kawaida, kwamba nitaketi kwa nusu saa kisha nitasimama nyuma ya kiti, na mkutano unaendelea. Mke wangu, ambaye kwa miaka alikuwa akininyang'anya kila kitu mkononi, hata sufuria tupu, ameacha kufanya hivyo, ingawa nilimwona juzi akizuia mkono wake kwa mkono wake mwingine. Tuliwahi kugombana vibaya kwa sababu ya sufuria hiyo. Yeye alidhani ananisaidia, na mimi nilidhani ananizika.

Maumivu yangu hayajapungua kwa kiasi ambacho msomaji angetarajia baada ya maelezo marefu hivi. Maumivu mazito ya kiuno yapo ninapoandika. La waya wa umeme limepungua sana, soksi ya tatu imekuwa ya nadra, na ninalala usiku mwingi bila kuamka. Hayo ndiyo yaliyobadilika katika upande wa mwili. Katika upande wa maisha, nimerudi kazini siku zote tano, ninacheza mpira kwa dakika 20 nikiwa mlinda lango, na mwanangu amekuwa mzito mno hata kwa baba mwenye mgongo wa chuma.

Mwezi uliopita nilianza tena kuhamisha lile kabati, ambalo shemeji yangu alikuwa amelirudisha kwenye ukuta wake wa zamani siku ya 11. Safari hii niliandika mpango daftarini: rafu moja ya vitabu kwa siku, kisha kulisukuma tukiwa wawili, kisha rafu moja kwa siku kuvirudisha. Siku ya 3 soksi ilivalika bila hata kufikiri. Nilitoa vitabu vya rafu ya 3, nikavipanga, na vilipokwisha ilikuwa bado ni saa nne asubuhi, chumba kimejaa mwanga, mgongo umenyamaza kabisa, na rafu ya 4 iko usawa wa kifua changu, ambapo hata kuinama hakuhitajiki. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nilikwisha kukishika kitabu cha kwanza nilipotambua ninachokifanya, nikakisukuma kirudi mahali pake, nikatoka chumbani na kufunga mlango.